Kampeni za marais wa Marekani na walichokiacha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila baada ya miaka minne, Novemba ikikaribia, simu yangu haitulii. Nafundisha historia, kwa hiyo ndugu, majirani na wanafunzi wa zamani wanaamini majibu yote ninayo. Maswali ni yaleyale, wanaobadilika ni waulizaji. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayotoa nikiwa sina haraka. Mtaniona narudia jambo moja: alilolinadi mgombea jukwaani na lile analokumbukwa nalo akishaondoka, mara nyingi hayafahamiani hata kwa salamu.

Hivi Wamarekani wanamchagua rais, au wanachagua watu wa kumchagua rais?

Hilo la pili. Mpiga kura akitia alama kwenye jina la mgombea, kisheria amechagua kundi la wajumbe wa jimbo lake. Wajumbe nchi nzima ni 538: hesabu ya wabunge 435 wa Baraza la Wawakilishi, maseneta 100, na watatu wa mji mkuu Washington. Anayefikisha 270 kashinda. Karibu kila jimbo humpa mshindi wajumbe wote hata kama kashinda kwa kura moja. Maine na Nebraska peke yake ndiyo yanayogawa.

Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na kura nyingi za wananchi na bado kura zisitoshe. Imetokea 1824, 1876, 1888, 2000 na 2016. Hillary Clinton alimpita Donald Trump kwa karibu kura milioni 2.9, akarudi nyumbani.

Ule wa 2000 unastahili kutazamwa kwa karibu. Al Gore alimpita George W. Bush kwa zaidi ya kura nusu milioni nchi nzima, lakini kila kitu kikabaki kusubiri Florida. Kaunti kadhaa za huko zilitumia kadi za kutoboa: unashika kijiti cha chuma, unatoboa tundu kwenye jina la unayemtaka. Shida ni kwamba kile kipande cha karatasi wakati mwingine hakikudondoka. Kilining'inia kwa ncha moja, au kilibonyea tu. Basi taifa lenye makombora ya nyuklia likakaa wiki tano likiwatazama maofisa waliokodoa macho, kadi wameiinua kwenye mwanga wa taa, wakibishana kama kibonyeo kile ni kura au si kura. Desemba 12 Mahakama ya Juu ikasimamisha hesabu. Tofauti iliyobaki ilikuwa kura 537. Watu hao wanaenea kwenye mabasi tisa ya kwenda mkoani.

Kwa nini wanapiga kura Jumanne, siku ya kazi?

Sheria ya 1845. Wapiga kura wengi walikuwa wakulima, kituo kiko mbali, usafiri ni farasi. Jumapili ni ibada, Jumatano ni siku ya soko. Jumanne ikabaki. Wakulima wamepungua, sheria ipo.

Matokeo yanatoka saa ngapi kwa saa zetu?

Vituo vingi vya majimbo ya mashariki hufungwa kati ya saa 9 na saa 10 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. California hufunga saa 1 asubuhi, watu wakinywa chai. Ukikesha, kesha na kahawa, na usimwamini anayekutangazia mshindi saa 8.

Mbona wagombea hushinda kutwa nzima Pennsylvania kama vile ndiko walikozaliwa?

Kwa sababu ya hesabu niliyoieleza juu. California ina wajumbe 54, lakini inajulikana itakwenda kwa chama cha Democratic, kwa hiyo hakuna anayepoteza nauli. Pennsylvania ina wajumbe 19 na haitabiriki. Mwaka 2024 vita vyote vilikuwa kwenye majimbo saba: hilo, Michigan, Wisconsin, Georgia, North Carolina, Arizona na Nevada. Trump aliyachukua yote saba, akamaliza na wajumbe 312 dhidi ya 226 wa Kamala Harris.

Zamani, kabla ya redio na televisheni, walipigaje kampeni?

Mwanzoni hawakupiga. Kwa waungwana wa kizazi cha George Washington, kujinadi mwenyewe ilikuwa aibu. Mtu anaombwa, hajiombi. Washington alichaguliwa mara mbili na wajumbe wote bila kupingwa, na hakusimama jukwaani hata mara moja.

Uungwana huo ulivunjika kabisa mwaka 1840. Gazeti moja la wapinzani lilimkejeli William Henry Harrison kwamba mzee huyo apewe pipa la pombe ya matofaa, aachwe akae kwenye kibanda chake cha magogo. Wapambe wake wakalidaka tusi hilo hewani. Vibanda vya magogo vikabebwa kwenye maandamano, pombe ikamwagwa bure (takrima haikuanzia kwetu), nyimbo zikatungwa, na watu wakasukuma mpira mkubwa kuliko mtu kutoka mji hadi mji. Ukweli ni kwamba Harrison alikuwa mtoto wa mkubwa wa Virginia aliyetia saini Azimio la Uhuru. Kibandani hakuzaliwa. Alishinda, akasoma hotuba ya kuapishwa ya karibu saa mbili kwenye baridi, na siku 31 baadaye akafariki. Urithi wake wote ni kampeni yenyewe, kwa maana hakupata muda wa kutawala.

Abraham Lincoln, 1860, alirudi kwenye desturi ya kunyamaza. Alikaa Springfield, Illinois, akipokea wageni na kuwaelekeza kwenye hotuba zake za zamani. Kwenye majimbo kumi ya kusini hakukuwa na hata karatasi za kumpigia kura. Alipata chini ya asilimia 40 ya kura za nchi nzima, wapinzani watatu wakagawana zilizobaki, na ikatosha kwa sababu majimbo ya kaskazini yalimpa karibu wajumbe wao wote. Oktoba ya mwaka huo binti wa miaka 11, Grace Bedell, alimwandikia kumshauri afuge ndevu, maana uso wake umekonda sana. Akafuga. Ushauri wa kampeni wenye faida kuliko huo, na usiolipiwa, sijauona. Kumbuka pia kwamba kwenye kampeni hiyo Lincoln aliahidi kutogusa utumwa pale ulipokuwapo tayari. Alipinga usienee tu. Tangazo la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi lilitoka Januari 1, 1863, katikati ya vita ambavyo hakuna aliyevinadi.

Mwaka 1896 William Jennings Bryan alisafiri kwa treni takriban kilomita 29,000 akihutubia kila kituo. Mpinzani wake William McKinley alikaa barazani kwake Canton, Ohio, na makampuni ya reli yakawaleta watu kwa nauli ya chee. Mwenye baraza alishinda. Harry Truman alipojaribu tena treni mwaka 1948, ikafanya kazi. Gazeti la Chicago Daily Tribune lilikwisha kuchapa kwamba mpinzani wake, Dewey, amembwaga, na ipo picha ya Truman nyuma ya behewa pale St. Louis, ameliinua gazeti hilo juu ya kichwa, meno yote nje.

Ni kweli rais aliwahi kupigwa risasi akaendelea kuhutubia?

Kweli, ila alikuwa rais mstaafu anayegombea tena. Theodore Roosevelt, Milwaukee, Oktoba 14, 1912. Risasi ilipita kwenye kibweta cha miwani na kwenye hotuba ya kurasa 50 aliyoikunja mfukoni, ikaingia kifuani bila kufika mbali. Alikohoa mkononi, akaona hakuna damu, akakata shauri kwamba mapafu ni mazima. Akapanda jukwaani na shati lenye damu, akasema zaidi ya saa moja. Uchaguzi alishindwa na Woodrow Wilson, na risasi hawakuitoa. Alikufa nayo 1919.

Huyu ndiye yule aliyeshuka Mombasa Aprili 1909, wiki chache baada ya kukabidhi madaraka. Wapagazi walimwita Bwana Mkubwa, na mwanawe Kermit wakamwita Bwana Maridadi. Wawili hao waliua wanyama 512. Na ni huyohuyo aliyetenga ekari zipatazo milioni 230 za ardhi ya umma Marekani ziwe misitu na hifadhi. Wanafunzi huniuliza yupi ndiye Roosevelt wa kweli. Nawaambia wote wawili, na wala yeye mwenyewe hakuona mgongano.

Ni kweli televisheni ilimpa Kennedy urais?

Ilimsaidia. Mdahalo wa kwanza ulifanyika Chicago, Septemba 26, 1960, watu wapatao milioni 70 wakiutazama. Richard Nixon alikuwa ametoka hospitali kwa ugonjwa wa goti, amepungua, suti yake ya kijivu inameza rangi ya ukuta, jasho linamtoka kidevuni. John Kennedy amevaa suti nyeusi, ameungua na jua, ametulia. Ile habari kwamba waliosikiliza redio walimpa Nixon ushindi hurudiwa sana, lakini ushahidi wake ni haba.

Kura zilizowatenganisha hazikufika 120,000 kati ya karibu milioni 69. Kwa pengo dogo namna hiyo, kila mtu anaweza kudai yeye ndiye aliyemshindisha. Ndiyo maana napendelea swali linalofuata.

Kampeni hiyo ya 1960 inatuhusu nini sisi?

Inatuhusu kuliko zote. Septemba 1959 mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani walikodi ndege iliyowapeleka vijana 81 kusoma vyuo vya huko. Mwaka uliofuata waliochaguliwa walizidi 200, nauli hakuna, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikuwa imekataa kusaidia. Julai 26, 1960, Mboya alikwenda nyumbani kwa Kennedy, Hyannis Port, ufukweni. Wakakubaliana: mfuko wa familia ya Kennedy utoe dola 100,000. Kambi ya Nixon iliposikia, wizara ileile ghafla ikapata fedha. Seneta mmoja wa Republican, chama cha Nixon, akamshutumu Kennedy kwa kuzifanya nauli hizo mtaji wa kisiasa. Kwa wiki kadhaa wanafunzi wa Nairobi na Kisumu wakawa hoja ya kampeni Marekani, na wapiga kura weusi waliiona. Mwezi Oktoba Kennedy akampigia simu Coretta Scott King, mumewe Martin Luther King akiwa jela Georgia, na hiyo ilisikika zaidi.

Mmoja wa waliosafiri 1960 ni Wangari Maathai, aliyekwenda kusoma Kansas.

Baba yake Obama hakupanda ndege hizo. Alikwenda Hawaii 1959, kabla fedha za Kennedy hazijatoka. Usione haya kama ulikuwa hujui. Obama mwenyewe aliikosea habari hiyo akihutubia Selma mwaka 2007.

Jambo la pili lililotufikia lilizaliwa saa 8 usiku. Oktoba 14, 1960, Kennedy alifika Chuo Kikuu cha Michigan amechelewa na amechoka, akakuta maelfu ya wanafunzi wanamsubiri nje. Kwenye ngazi, bila hotuba ya kuandikwa, akawauliza wangapi wako tayari kwenda kufanya kazi Ghana na kwingineko. Wanafunzi wakalishikilia swali lile kuliko yeye. Mwaka mmoja baadaye Peace Corps, shirika la kupeleka Wamarekani wa kujitolea nchi za nje, ipo, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea watu wake: wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia wa kusaidia barabara. Kwenye kampeni yenye mamia ya hotuba zilizopigwa pasi, iliyodumu ni ile ya kuropokwa usiku.

Ahadi za kampeni hutimizwa?

James Polk alitimiza. Mwaka 1844 aliahidi kutawala muhula mmoja na kupanua nchi. Alipigana na Meksiko, akachukua California na nchi yote inayoizunguka, akaondoka kama alivyosema, na baada ya miezi mitatu akafa. Wameksiko wana maneno yao kuhusu utimilifu huo.

Wengine, haya. Wilson alichaguliwa tena 1916 wapambe wake wakiimba kwamba ameiepusha nchi na vita. Aprili 1917 akaiingiza. Franklin Roosevelt mwaka 1932 aliahidi kupunguza matumizi ya serikali kwa asilimia 25, kisha akatumia kuliko rais yeyote aliyemtangulia wakati wa amani, na hatuna budi kushukuru, maana robo ya wafanyakazi hawakuwa na kazi. Pensheni ya wazee wanayoipata Wamarekani leo ilitoka kwake, 1935. George Bush baba aliwaambia watu wasome midomo yake, hakuna kodi mpya. Mwaka 1990 midomo ikasema vingine.

Anayenisumbua ni Lyndon Johnson. Septemba 7, 1964, kampeni yake ililipia tangazo lililorushwa mara moja tu. Mtoto wa kike anachuma petali za ua, anahesabu, anakosea namba. Sauti ya mwanamume inaanza kuhesabu kinyumenyume, kamera inaingia ndani ya jicho la mtoto, bomu la nyuklia linalipuka. Jina la mpinzani, Barry Goldwater, halikutajwa kabisa. Johnson alinadiwa kama mtu wa amani, akashinda majimbo 44. Machi 1965 wanajeshi wa nchi kavu wakatua Da Nang, na kufikia 1968 walikuwa zaidi ya 500,000 Vietnam. Lakini ni yeye aliyesaini Sheria ya Haki za Kiraia 1964, na ya haki ya kupiga kura 1965, na bima ya afya ya wazee. Mweusi wa Alabama na mama wa mji wa Hue kule Vietnam hawawezi kumkumbuka mtu mmoja. Nimefundisha somo hilo miaka mingi, na bado kila mara ubao unaniachia mistari miwili isiyokutana.

Kwa nini Bush mtoto ana sifa Afrika, wakati kwingine anakumbukwa kwa Iraki?

Kwenye kampeni ya 2000 alisema jeshi la Marekani si la kujengea mataifa ya watu. Ukimwi wa Afrika haukuwa hoja. Halafu akavamia Afghanistan na Iraki, na Januari 2003 akalieleza Bunge lake kwamba Afrika watu zaidi ya milioni 4 wanahitaji dawa mara moja na wanaozipata ni 50,000 tu. Akaomba dola bilioni 15 kwa miaka mitano. Mpango huo ni PEPFAR.

Aliyekuwa mtu mzima miaka ile ya tisini hahitaji takwimu. Nakumbuka namna tulivyokuwa tukisema fulani "ameumia", bila kutaja ugonjwa, na tulivyohesabu mazishi kwa wiki. Kisha dawa za kupunguza makali zikafika zahanati, na wale tuliokwisha kuwalilia wakarudi sokoni wakibishana bei ya nyanya.

Februari 2008 alikuja Dar es Salaam, akasaini na Rais Kikwete mkataba wa dola milioni 698. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga na ile ya Tanga hadi Horohoro ni matunda yake. Awamu ya pili ilifutwa 2016 baada ya uchaguzi wa marudio Zanzibar. Na mwaka 2025 Trump alisimamisha misaada ya nje siku ya kwanza ofisini. Julai 1 shirika la USAID likafungwa. Urithi wa rais mmoja uko mkononi mwa anayemfuata.

Aliyeshindwa analazimika kukubali?

Kisheria, hapana. Ni desturi, inayohesabiwa tangu Bryan alipompelekea McKinley simu ya maandishi ya pongezi mwaka 1896. Gore mwaka 2000 alimpigia Bush kumpongeza, kisha akampigia tena usiku uleule kuifuta pongezi. Mwaka 2020 Trump alikataa, na Januari 6, 2021, wafuasi wake wakavamia jengo la Bunge. Miaka minne baadaye akaapishwa tena, wa pili katika historia kutoka na kurudi. Wa kwanza ni Grover Cleveland.

Mihula miwili tu, tangu lini?

Kwa desturi tangu Washington, kwa Katiba tangu 1951. Franklin Roosevelt alichaguliwa mara nne, wakasema basi.

Na Nixon?

Alishinda majimbo 49 mwaka 1972, katika uchaguzi ambao watu wake walikuwa wamevunja ofisi za wapinzani kusaka siri. Hakuzihitaji. Agosti 1974 akajiuzulu.

Obama aliifanyia nini Kenya?

Swali la kijiweni. Kenya ilitangaza mapumziko Novemba 6, 2008, na Dar es Salaam ikampa barabara ya ufukweni. Waliotarajia lami hadi Kogelo, kijijini kwa baba yake, walisahau kwamba alichaguliwa Ohio.

Ukilazimishwa, rais gani aliacha urithi mkubwa kuliko kampeni yake?

Jimmy Carter, aliyebwagwa na Ronald Reagan mwaka 1980 kwa wajumbe 489 dhidi ya 49. Akarudi kijijini kwao Plains, Georgia, na baada ya muda akaanza kufuatilia mnyoo wa Guinea.

Mnyoo huu unaingia kwa maji ya dimbwi. Baada ya kama mwaka mmoja unatoboa ngozi, mara nyingi mguuni, mrefu kufikia mita moja. Hauvutwi kwa nguvu, utakatika. Unauzungusha kwenye kijiti, sentimita chache kila siku, kwa wiki nzima na zaidi, mkulima amekaa na shamba linaota magugu. Dawa haina, chanjo haina. Kinachofanya kazi ni kitambaa cha kuchujia maji na mtu wa kwenda kijiji kwa kijiji kueleza.

Mwaka 1986 walioumwa walikadiriwa kuwa milioni 3.5, nchi 21. Uganda ilithibitishwa kuwa salama 2009, Kenya 2018. Mwaka 2015, akiwa na saratani na miaka 90, Carter aliwaambia waandishi wa habari kwamba angependa mnyoo wa mwisho ufe kabla yake. Alifariki Desemba 29, 2024, ana miaka 100. Mwaka huo wagonjwa dunia nzima hawakufika 20, wengi wao Chad, waliobaki Sudan Kusini.